Bure, Huria na Kutendua: Lugha ya Kumfundishia Anayeanza Kutumia Mfumo Huria wa Kompyuta Mkoani Singida

Ikisiri

Makala haya yanafafanua nafasi ya lugha katika kumfundisha mtu anayeanza kutumia mfumo endeshi huria wa kompyuta, hususani mifumo ya jamii ya Linux. Msingi wa mjadala ni uzoefu wa kufundisha watu wazima mjini Singida pamoja na uchambuzi wa kimofolojia na kisemantiki wa istilahi za Kiswahili zinazotumika katika kompyuta. Hoja kuu ni kwamba thamani ya mfumo huria kwa mzungumzaji wa Kiswahili haimo katika kupatikana bila malipo pekee, bali katika ruhusa ya kubadili maneno ambayo mashine inamwambia mtumiaji. Kutokana na hoja hiyo, makala yanapendekeza kwamba ufundishaji uanzie kwenye vitenzi kabla ya nomino, maandishi ya kiolesura yamtaje mtenda, na mwanafunzi aruhusiwe tangu mwanzo kuzipa amri majina ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Katika darasa la jioni la watu wazima mjini Singida, ambalo mwandishi wa makala haya alishiriki kufundisha, mama mmoja aliyekuwa karani wa chama cha wakulima wa alizeti alijaribu kuweka programu mpya kwenye kompyuta iliyotumia mfumo wa Ubuntu. Aliandika amri aliyofundishwa, bila kosa hata la herufi moja. Mfumo ukamuuliza kwa Kiingereza kama aendelee, ukimtaka achague kati ya herufi mbili, y na n. Akabonyeza n. Kazi ikasitishwa. Akarudia mara ya pili na ya tatu, na kila mara mfumo ulisitisha kazi. Hatimaye aligeuka akasema, "Mwalimu, mimi nimekubali, yenyewe inakataa."

Hakukosea. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, n ni herufi ya kwanza ya neno ndiyo. Kwa Kiingereza, herufi hiyohiyo huanza neno la kukanusha. Herufi moja ilibeba majibu mawili yanayopingana, na mwalimu, ambaye ana shahada ya uzamivu katika isimu, hakuwa ameliona hilo kabla ya siku ile. Tukio hilo ndilo chimbuko la makala haya.

Yapo mambo mengine madogo ya aina hiyo. Saa ya kompyuta inapoonyesha 14:30, mwanafunzi husoma saa nane na nusu mchana. Akiambiwa kwamba faili lilihifadhiwa "saa moja", huelewa 07:00 au 19:00, si 01:00. Mwalimu anayedhani kwamba kompyuta ni somo la kubonyeza vitufe peke yake hataona kwamba mwanafunzi wake anafanya kazi ya tafsiri kila dakika, tena bila msaada.

Mkoa wa Singida unafaa kwa mjadala huu kutokana na hali yake ya kiisimu. Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu huzungumza lugha za Kibantu. Wadatoga huzungumza lugha ya Kinailoti. Na upande wa Mkalama, kuelekea Ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe ambao lugha yao haihusishwi na mojawapo ya makundi hayo. Darasani watu hawa wote hukutana katika Kiswahili. Walimaliza elimu ya msingi kwa Kiswahili, na wengi wao hawakuendelea na sekondari, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Kwao, Kiswahili ndiyo lugha ambayo kwayo wamezoea kujifunza jambo lolote jipya.

2.0 Bure na Huria

Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza nchini Marekani mradi wa GNU, uliolenga kutengeneza mfumo endeshi ambao kila mtu angeweza kuutumia kwa lengo lolote, kuuchunguza na kuubadili, kusambaza nakala zake, na kusambaza nakala alizozibadili. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo kinachojulikana kama Linux. Kuunganishwa kwa kazi hizo mbili kumezaa mifumo mingi, ukiwemo Ubuntu, uliotolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kundi lililoongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni letu sote. Katika umbo u-bu-ntu, mwanaisimu atatambua kiambishi ngeli bu- ambacho katika Kiswahili kimekuwa u-, na mzizi -ntu ambao umekuwa -tu. Ubuntu ni utu.

Waasisi wa harakati hizi wamelazimika kueleza mara kwa mara kwamba hawazungumzii bei, kwa kuwa neno la Kiingereza wanalolitumia lina maana mbili: pasipo malipo, na pasipo kifungo. Kiswahili hakina tatizo hilo. Kina bure na kina huru, pamoja na huria, neno ambalo Mtanzania amelizoea katika soko huria na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania.

Pamoja na hayo, walimu wengi huanza somo lao kwa kusema, "Huu ni mfumo wa bure." Katika Kiswahili, bure haimaanishi tu kisicholipiwa. Humaanisha pia kisicho na faida, kama katika kazi bure, na kisicho na thamani, kama mtu anaposemwa kuwa "bure kabisa". Mwanafunzi anayeambiwa kwamba mfumo ni wa bure husikia maana zote tatu kwa pamoja. Katika darasa lililotajwa, mzee mmoja aliuliza kwa upole iwapo ule mfumo mwingine, wa kulipia, walikuwa wamewekewa wakubwa. Swali lake lilikuwa la kisemantiki kabla ya kuwa la kiuchumi.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba neno la kwanza la somo liwe huria, na lifafanuliwe kwa mfano ambao mwanafunzi anaumiliki. Anayenunua mbegu ambayo haruhusiwi kuihifadhi wala kumpa jirani analima kwa masharti ya mwingine. Anayepanda mbegu aliyoichagua kutoka katika mavuno yake, akampa jirani, na jirani akaiboresha, analima kwa uhuria. Mkulima wa Singida halazimiki kuambiwa mara mbili tofauti ya hali hizo.

Historia ya Kiswahili ina mfano halisi wa uhuria huo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye kiolesura cha Kiswahili. Sheria ya programu hiyo ilikuwa tayari imetoa ruhusa, na kazi iliyobaki ilikuwa ya kiisimu: kutafuta maneno. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, nayo ina kiolesura cha Kiswahili cha Tanzania kinachotambulishwa kwa alama sw-TZ.

3.0 Vitenzi Kabla ya Nomino

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umejikita zaidi katika nomino. Tumebishana kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kibodi, kicharazio na baobonye. Folda, kabrasha na saraka. Nywila na nenosiri. Mjadala huo una umuhimu wake katika usanifishaji. Darasani, hata hivyo, nomino hazimsumbui mwanafunzi kwa muda mrefu. Kitu kinachoonekana kwa macho kinaweza kuelekezwa kwa kidole, na jina lolote litashika. Kisichoweza kuelekezwa kwa kidole ni tendo, na hapo ndipo Kiswahili kina utajiri ambao hatujautumia ipasavyo.

Tuangalie jozi ya pakia na pakua. Vitenzi hivi vina shina moja. Mtu hupakia magunia ya vitunguu kwenye lori na huyapakua yanapofika. Vilevile, hupakua chakula kutoka katika chungu. Katika matumizi ya mtandao, kupakua ni kuleta faili kutoka mbali hadi kwenye kompyuta yako, na kupakia ni kulipeleka. Wanaoanza huchanganya mielekeo hii miwili. Mkanganyiko hupungua wanapoambiwa kwamba mtandao ni chungu na kompyuta yako ni sahani: anayepakua anatia kwenye sahani yake. Sitiari hii haihitaji kufundishwa, kwani imo ndani ya neno tayari.

Mfano wa pili ni sakinisha. Wanafunzi huliona kuwa neno gumu, na wengine hupendelea weka. Lakini sakinisha ni kauli ya kutendesha ya sakini, yaani kukaa mahali, neno lenye asili moja ya Kiarabu na maskani. Kijana yeyote mjini anajua maskani ni nini. Akielezwa kwamba kusakinisha programu ni kuipa maskani ndani ya kompyuta, anaelewa mara moja tofauti iliyopo kati ya kuendesha Ubuntu moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kama mgeni anayepita, na kuusakinisha, kama mkazi. Tofauti hiyo ina uzito kwa anayeanza, kwa kuwa humwezesha kuujaribu mfumo bila kugusa mafaili yaliyomo kwenye kompyuta.

Mfano wa tatu ndio wenye mafunzo makubwa zaidi. Katika violesura vya Kiswahili, amri ya kurudisha nyuma tendo lililofanyika huitwa tendua. Wanaisimu tunalifahamu umbo hili kwa sababu ndilo jina la kauli yenyewe: kauli ya kutendua, inayoundwa kwa mofimu -u- katika jozi kama funga na fungua, ziba na zibua, panga na pangua. Mofimu yenye dhima hiyo hupatikana katika lugha nyingi za Kibantu, na mzungumzaji huitumia kila siku bila kuifikiria. Mwalimu akiandika ubaoni funga/fungua, panga/pangua, kisha tenda, wanafunzi humalizia wenyewe: tendua. Neno ambalo hawajawahi kulisikia hulizalisha kwa kanuni waliyonayo tangu utotoni, na wakishalizalisha hawalisahau.

4.0 "Imejifuta": Suala la Mtenda na Upatanisho

Wanaoanza kutumia kompyuta husema, "Barua yangu imejifuta," au "Kompyuta imejizima." Kiambishi cha kujirejelea -ji- kinaipa mashine utendaji na kumwondoa mtumiaji katika tukio. Si uvivu wala kukwepa lawama. Mtumiaji anasema kile alichokiona, kwa kuwa hakuna kilichomwambia kwamba yeye ndiye aliyetenda.

Maandishi ya kiolesura yana mchango katika hali hiyo. Programu nyingi huria hutumia utaratibu wa gettext, ambao huweka kila sentensi ya Kiingereza katika faili la tafsiri na kumwachia mtafsiri nafasi ya kuandika sentensi ya lugha yake. Pale ambapo jina la kitu hubadilika, huwekwa alama kama %s. Kiingereza kinaweza kutumia umbo moja la kitenzi kwa kitu chochote kilichofutwa. Kiswahili hakiwezi, kama mifano hii inavyoonyesha:

(1) Jalada limefutwa.
(2) Picha imefutwa.
(3) Kiungo kimefutwa.
(4) Waraka umefutwa.

Mtafsiri anatakiwa kuandika sentensi moja itakayofaa kwa zote nne. Gettext huruhusu maumbo tofauti ya umoja na wingi, kiasi kwamba Kiarabu huweza kutengewa maumbo sita ya idadi, lakini haina nafasi kwa ajili ya ngeli. Matokeo yake, watafsiri huchagua kiambishi kimoja, aghalabu i- au li-, na mtumiaji husoma sentensi kama "Kiungo imefutwa". Makosa ya aina hiyo huonekana madogo. Kwa msomaji, hata hivyo, yana ujumbe: kwamba lugha yake ndani ya mashine ni lugha iliyobandikwa.

Suluhisho linalopendekezwa hapa ni la kisarufi, si la kiufundi. Kitenzi kipatanishwe na mtenda badala ya mtendwa:

(5) Umefuta %s.
(6) Mfumo umefuta %s.

Katika (5), kiambishi u- cha nafsi ya pili umoja hakitegemei ngeli ya kitu kilichofutwa. Katika (6), ambapo tendo limefanywa na mashine bila mtumiaji kuagiza, kipatanishi ni cha neno mfumo na hakibadiliki. Yambwa isiyo na uhai haihitaji kiambishi cha yambwa, hivyo tatizo la ngeli linaondoka. Palipo na yambwa yenye uhai, kwa mfano jina la mtumiaji, mtafsiri anajua mapema kwamba ni mtu na anaweza kuandika "Umemwondoa %s".

Faida ya pili ni ya kielimu. Anayesoma "Umefuta" anaambiwa kwamba yeye ndiye mtenda, na aliyetenda ndiye anayeweza kutendua. Anayesoma "Imefutwa" hapewi pa kuanzia.

5.0 Kutupa na Kufuta

Tofauti kati ya tendo linaloweza kutenduliwa na lisiloweza inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo inayosababisha hasara. Katika dirisha la mafaili la Ubuntu, faili linaloondolewa kwa kawaida huenda kwenye kapu la taka na linaweza kurejeshwa. Katika dirisha la amri, amri ya rm huondoa faili bila kupitia kapu lolote. Matendo yote mawili huitwa kufuta darasani, na mwanafunzi aliyezoea la kwanza hulitenda la pili kwa imani ileile.

Lugha ya kila siku inatenganisha matendo haya vizuri zaidi. Kilichotupwa kinaweza kuokotwa. Kilichofutwa ubaoni hakisomeki tena. Kwa hiyo, tupa lingetumika kwa kupeleka faili kwenye kapu la taka, na futa lingebaki kwa kuliondoa moja kwa moja. Karani anayetunza kumbukumbu za uzito wa alizeti ya msimu mzima anapaswa kuijua tofauti hiyo kabla ya kujua jambo jingine lolote.

Katika mfumo huria, pendekezo kama hili halisubiri kikao. Mfumo unaruhusu mtumiaji kuipa amri jina jingine kwa kuandika mistari michache katika faili liitwalo .bashrc, lililomo katika saraka yake ya nyumbani:

alias orodha='ls'
alias nakili='cp -i'
alias hamisha='mv -i'
alias tupa='gio trash'
alias futa='rm -i'

Kuanzia dirisha la amri litakalofunguliwa baada ya hapo, mwanafunzi anaweza kuandika "nakili" na mfumo ukanakili. Nyongeza ya -i huufanya mfumo uulize kabla ya kufuta, au kabla ya kufunika faili lililopo kwa jingine. Hapo mwalimu hana budi kukumbusha habari ya herufi n.

Zoezi hili lina manufaa mawili. Kwanza, amri kama cp na mv ni vifupisho vya maneno ya Kiingereza. Kwa anayejua lugha hiyo, kifupisho humsaidia kukumbuka, lakini kwa asiyeijua ni herufi tupu. Jina la Kiswahili humrudishia msaada huo wa kumbukumbu. Pili, mwanafunzi hugundua kwamba maneno ya mashine yaliwekwa na watu, na kwamba yeye pia ni mtu. Katika darasa letu, karani yule aliyekuwa akibonyeza n alichagua kuita amri ya kuorodhesha mafaili onesha badala ya orodha, kwa hoja kwamba orodha ni kitu na yeye alikuwa anaagiza tendo. Hoja hiyo ingekubalika katika semina yoyote ya istilahi.

6.0 Pingamizi

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi atakutana na Kiingereza kazini, hivyo kumfundisha kwa Kiswahili ni kumchelewesha. Pingamizi hii inachanganya kujua dhana na kujua jina lake. Aliyeelewa kutupa na kufuta kwa Kiswahili atahitaji siku moja kujifunza majina ya Kiingereza. Aliyekariri majina ya Kiingereza bila kuelewa tofauti yake anaweza kupoteza mafaili ya ofisi. Zaidi ya hayo, jina la mbadala haliifichi amri asilia. Mwanafunzi akiandika type nakili, mfumo utamwonyesha kwamba nyuma ya jina hilo ipo cp -i. Anajifunza yote mawili, kwa mpangilio ulio sahihi.

Pingamizi ya pili ni kwamba kila darasa likijitungia maneno, usanifishaji utavurugika. Hofu hii ni ya msingi. Lakini majina anayoyaweka mtu katika .bashrc yake hayamfungi mwingine, na kwa mtafiti ni data adhimu: yanaonyesha mzungumzaji anachagua neno gani anapopewa uhuru. Vyombo vya usanifishaji kama Baraza la Kiswahili la Taifa vingefaidika kwa kuyasikiliza kabla ya kupitisha istilahi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kumfundisha mtu kutumia mfumo huria ni kazi ya kiisimu kwa kiwango kikubwa. Mwalimu aanze na huria badala ya bure. Afundishe vitenzi na jozi zake za kutendua kabla ya kuhimiza nomino. Atenganishe kutupa na kufuta. Na awape wanafunzi nafasi ya kutaja amri kwa maneno yao.

Kwa upande wa taaluma, kazi iliyopo haihitaji mtaji mkubwa. Maandishi ya Ubuntu hutafsiriwa kupitia Launchpad na ya LibreOffice kupitia Weblate, na milango hiyo iko wazi kwa yeyote anayejiandikisha. Tafsiri za Kiswahili katika mifumo hii hazijakamilika, ndiyo maana mtumiaji hukuta sentensi ya Kiswahili ikifuatiwa na ya Kiingereza katika dirisha moja. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu kuhusu upatanisho, unyambulishaji au semantiki ya sitiari anaweza kuanza hapo, na masahihisho yake yakasomwa na watumiaji wengi kuliko tasnifu yenyewe.

Ni wajibu wetu pia kuhakikisha kwamba pale mfumo unapouliza kwa Kiswahili, herufi n inamaanisha ndiyo. Karani wa Singida alikuwa amekubali tangu mara ya kwanza.